Meno ya bandia: sabuni ya vyombo au dawa ya meno?
Dawa ya meno ina sifa moja tu hapa: harufu nzuri. Chembe zake za kusugulia, jino la asili huzistahimili, ila plastiki ya meno ya bandia huchunika, na fangasi hujificha kwenye mikwaruzo.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja, haikwaruzi. Weka beseni lenye maji chini, ili meno yakikuponyoka yasivunjike. Sugua kwa mswaki laini, hasa upande wa ufizi (karanga hujibana hapo), kisha suuza sana. Maji ya moto huyapinda meno hayo.

Utando mweupe wa maji magumu ya visima vya Dodoma huzishinda zote mbili: loweka dakika 30 kwenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Meno yenye chuma usiyaloweke humo.