Nairobi hadi New York: moja kwa moja au kupitia Dubai?

Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ina ndege ya moja kwa moja kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi uwanja wa JFK, New York. Umbali ni takriban kilomita 11,800. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama saa 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege inaporejea nyumbani.

Ukipitia Dubai, unaanza kwa kuelekea kaskazini-mashariki, mbali na Marekani: kilomita 3,550 hivi, saa 5 angani. Kisha unabaki na kilomita 11,000 nyingine, yaani saa 14. Jumla ni karibu saa 19 hewani, na bado hujahesabu muda wa kusubiri uwanjani.

Kwa hiyo kwa mzee, au mama mwenye mtoto mchanga, mimi nasema wazi: moja kwa moja. Hakuna kubadilisha ndege usiku wa manane, na mizigo haihamishwi njiani ikapotea. Safari ya Dubai inamfaa zaidi mwenye magoti yanayouma, anayehitaji kushuka na kutembea kidogo, au aliyepata nauli nafuu kweli. Linganisha bei ya siku ileile kabla ya kulipa.

Saa za New York ziko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 majira ya joto, 8 majira ya baridi. Ukiondoka usiku kwa ndege ya moja kwa moja, unatua asubuhi.