Kupimwa korona kwa video kabla ya meli: tumejaribu Mpendae hapa Unguja, tumejaribu na Orlando

Kwa mwenye haraka nasema mapema, kipimo chenyewe, cha kujipima nyumbani msimamizi anakuangalia kwa video, kizuri, nakipa nyota nne, kinachotesa ni vile vilivyokizunguka. Mwenye wasaa akae kitako nimhadithie.

Kaka yangu anaishi Orlando kule Florida miaka mingi sasa, na mwaka 2022 akaamua kututoa mie na mume wangu, siku nne ndani ya meli ya kitalii kutoka Miami mpaka Bahamas na kurudi, tuondoke nyumbani katikati ya Machi ili Ramadhani itukute tusharudi. Hizo meli zenyewe ghorofa kumi na kitu, si boti ya Pemba. Mama mkwe aliposikia neno meli wala hakuitaja korona, alisema "Nungwi" tu, ile meli iliyozama 2011, akanyamaza, na sisi tukanyamaza maana pale hamna la kumjibu. Mume wangu ndo wa korona, anafanya kazi bandarini Malindi na ile khabari ya Diamond Princess ya Februari 2020 aliifuatilia kama mpira, meli imezuiwa Yokohama ina watu 3,711 na zaidi ya 700 wakakutwa nayo. Kila nikimwambia habari ya kupimwa kuna usumbufu ananambia usumbufu walikuwa nao wale wa Yokohama.

Sasa sikilizeni hapa maana mie mwenyewe nilichanganya wiki nzima. Masharti ya wakati ule, Machi 2022, yalikuwa mawili na hayaongei yenyewe kwa yenyewe. La ndege lilikuwa la serikali ya Marekani, tangu tarehe 6 Disemba 2021 kila anayeingia kwa ndege, kachanja hajachanja, awe na kipimo kilichochukuliwa si zaidi ya siku moja kabla ya kuruka, kiwe PCR (kile cha maabara) kiwe antijeni (kile cha haraka) vyote walikubali, na mgeni asiye raia ilikuwa lazima awe kachanja (sisi tulichanja Janssen Dar mwaka 2021, dozi moja na siku 14 zikapita, ikatosha). La meli lilikuwa la kampuni ya meli, aliyechanja alipimwa ndani ya siku mbili kabla ya kupanda. Ukihesabu unaona, kipimo cha ndege ukifika kule kishakufa, unaanza upya. Mie nilidhani nitapimwa mara moja nimalize!

Jengine, hiyo "siku moja" ilikuwa siku ya kalenda, si saa 24. Ndege yetu ilikuwa Jumatano jioni, kwa hiyo kupimwa Jumanne saa yoyote kulifaa. Niliwapigia wakala tuliyekata tiketi kwake, wa kwanza kanambia saa 24, wa pili kanambia saa 72, wa tatu kaniuliza kwani nyie mnakwenda Dubai? Siwataji, lakini jamani hii si kazi yenu?

Sababu ya kukimbia PCR ni mume wangu. Januari alipata mafua yale yaliyopita kila nyumba, siku nne kalala, hakupimwa, tukamtia tangawizi na mchaichai yakaondoka. Kumbe PCR ni kali mno, inaweza kuendelea kukuonesha unavyo virusi wiki nyingi baada ya kupona, wengine mpaka miezi mitatu, ndo maana Wamarekani wakaweka mlango mwengine kwamba mwenye cheti cha kuugua ndani ya siku 90 na barua ya daktari kuwa kapona alikuwa anapita bila kipimo kipya. Sisi cheti cha kuugua hatuna, barua tutaitoa wapi, tangawizi haitoi barua. Antijeni inashika zaidi siku zile ambazo virusi viko vingi puani, ukishapona siku nyingi haikusumbui. Kwa hiyo tukachagua antijeni, na hapo ndo vikaingia vile visanduku vya wifi yangu.

Wifi alikuja Disemba kutuangalia na kwa kuwa naye alihitaji kipimo cha kurudia kwao alikuja na BinaxNOW, kipimo cha antijeni cha kampuni ya Abbott, ile iliyokuwa ikiuzwa pamoja na msimamizi wa video, pakti ya visanduku sita kwa dola 150, yaani dola 25 kimoja. Yeye akaingia nyumbani na pakti mbili, moja akaiacha kwetu. Angalieni sana, kulikuwa na sanduku la jina hilo hilo lililouzwa madukani kule kwa bei chini, kipimo ndani kile kile, lakini halikuwa na msimamizi, na bila msimamizi ndege walikuwa hawataki na meli hawataki. Ungeweza ukawa mzima wa afya, mstari wako mmoja safi (yaani huna korona), wakakurudisha.

Tabu ya kwanza joto. Sanduku limeandikwa liwekwe kati ya nyuzi 2 na 30, na nyie mnaijua Unguja mwezi wa Februari, jua la kaskazi, chumbani tu ukilala unahisi umo ndani ya tanuri ya mikate. Nikavitia kwenye friji pembeni ya achari, mlangoni visigande. Halafu siku ya kupima lazima uvitoe mapema viishe ubaridi, vikae na hali ya chumba ndo vitumike. Mwanangu alivitoa vyote sita nikampigia kelele avirudishe viwili.

Tabu ya pili jina, na hii itawapata Wazanzibari wote. Sisi majina yetu matatu, lako la babako la babu, wenzetu wanataka la kwanza na la mwisho basi. Wifi alipotufungulia akaunti ya hicho kipimo aliandika jina langu na la baba kama anavyonijua, pasi yangu ya kusafiria inamalizia na la babu. Cheti kingetoka na jina la mtu mwengine. Bahati niligundua usiku wa kabla, nikakaa mpaka saa sita nabadilisha kitu ambacho hakitaki kubadilika mpaka nikafungua akaunti mpya kwa barua pepe nyengine. Fungueni akaunti wenyewe, pasi iwe mkononi, muandike herufi kwa herufi.

Ya tatu hata sikuwa nimeifikiria, kaka ndo aliyenistua. Mie nilitaka tupime baada ya sala ya alfajiri kabla sijakwenda skuli, akanambia thubutu, huku kwetu bado Jumatatu, kabla ya saa moja asubuhi yenu Florida haijafika Jumanne na cheti kikija kimeandikwa saa za huku mtaambiwa mmepimwa jana yake. Sijui kingeandikwa vipi wallahi sikutaka kujaribu, nikaomba ruhusa, tukapima saa nane mchana.

Kipimo chenyewe sasa. Unaingia kwenye programu, unasubiri foleni, anatokea kijana kwenye skrini, anataka kuona pasi, anataka kuona sanduku halijafunguliwa (ukilifungua kwa hamu zako umeshaharibu), halafu anakuongoza kidogo kidogo. Kadi unailaza, matone sita kwenye tundu ya juu, kijiti cha pamba unazungusha mara tano kila upande wa pua, wala si ile ya kukuchoma mpaka ubongo, hii ni hapa mbele tu, unakitia kwenye kadi unakizungusha mara tatu, unafunga. Dakika 15 kadi ikae mbele ya kamera usiiguse. Halafu anakuja msimamizi mwengine kusoma. Mstari mmoja wa pinki huna, miwili unayo. Kiingereza chao cha mbio, mie nasomesha na bado nilimwambia mara mbili "pole pole bwana", bora uwe na kijana wako pembeni.

Mie nikamaliza salama. Mume wangu akaingia, dakika ya tisa ya kusubiri umeme ukakatika. Feni kimya, ruta kimya, kijana wa watu akagandia kwenye skrini mdomo wazi. Tuliporudi kwa bando la simu ile kadi ishafutwa, haiendelezwi, sanduku jipya pua upya. "Nimechokolewa bure," anasema, na akanuna mpaka magharibi. Kwa hiyo dola 25 zikaondoka na upepo, si kosa lao ni letu, tungeanza na simu toka mwanzo na bando la kutosha. Tukapata majibu yote mawili kwenye barua pepe ndani ya dakika chache, tukayachapisha karatasi. Tulipima Jumanne si Jumatano makusudi, ili likiharibika tubaki na siku ya kukimbilia maabara, na mnaona lilivyokaribia kuharibika.

Uwanja wa ndege, dada wa kaunta kakitazama cheti kama hundi ya bandia. "Hiki cha hospitali gani?" Nikamwambia hakina hospitali. Kaita mkubwa wake, mkubwa wake kapiga simu, foleni nyuma inapumua shingoni. Alhamdulillah kaka alishatuambia tuchapishe ukurasa wa CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, uliokuwa unasema kujipima nyumbani kwa video kunakubalika, cheti kiwe na jina, aina ya kipimo, tarehe, majibu na nani kakitoa. Mkubwa akausoma na kidole mstari kwa mstari. Dakika 25 hivi. Aliyependa utulivu kwa hatua ile ya ndege naona ilikuwa bora maabara ya hapa hapa mjini, cheti chenye muhuri hakikuwa na maswali, ila pochi iwe tayari.

Orlando kulikuwa raha. Meli inaondoka Jumatatu tarehe 21, tukapima Jumapili, umeme upo, ruta inakwenda kama maji. Kasoro moja foleni, Jumapili ndo siku ambayo kila mpanda meli wa Jumatatu kajikumbuka, tulikaa karibu saa nzima kuangalia duara linazunguka. Jumamosi ingefaa vile vile, tulijitakia. Mtoto wa kaka wa miaka saba naye akapimwa kwa visanduku vyao, maana sharti lilianzia miaka miwili, akapiga chafya juu ya kadi mbele ya msimamizi, tukacheka mpaka yule kwenye skrini akaziba uso.

Halafu ndo Miami bandarini. Baada ya joto lote lile, jina, saa, friji na umeme, mtu katazama simu yangu sekunde tano, kasema asante, nenda. Sekunde tano! Mume wangu akataka kumwonesha na karatasi, mtu keshageukia wa nyuma. Mbele yetu kidogo palikuwa na mtu na mkewe wana picha ya kadi kwenye simu, walijipima wenyewe usiku bila msimamizi, wakapelekwa pembeni kwenda kulipia kupimwa pale pale na nyuso zao sitaki kuzikumbuka.

Ndani kwa habari ya chakula tulishikilia samaki na mboga, hayo siku nyengine. Ila meza yetu alihudumia kijana wa Kilifi, aliposikia tunaongea akaacha sahani zake, "nyinyi ni watu wa wapi?" Akatuambia wao wanapimwa kila wiki, nyie mnalalamika mara mbili.

Kurudi nyumbani hatukudaiwa kipimo, tulitoa vyeti vya chanjo vyenye QR tukapita. Katika visanduku sita tumetumia vinne, kimoja kimekufa na umeme, kimoja kimebaki, kipo pale pale mlangoni mwa friji pembeni ya achari. Shoga yangu mmoja keshakuja kukiomba amuangalie mwanawe ana homa. Nimemwambia homa ampeleke hospitali wakamtazame na malaria, hiki kina msimamizi wake Marekani, hakiongei na homa ya Mpendae.