Kusoma data za seriali kwa Node-RED: uzoefu wangu na mashine ya kutotolesha vifaranga Tororo

Kikundi chetu cha wafugaji hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, kina mashine ya kutotolesha vifaranga ambayo joto na unyevu wake hupimwa usiku na mchana na bodi ya Arduino Uno, ambayo ni maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo sana ya kusoma vihisi na kutawala vifaa. Vipimo hivyo hupita kwenye kebo ya USB hadi kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na humo programu inayovipokea, kuvichora na kutuamsha kunapokuwa na hitilafu ni Node-RED. Nimeitumia kwa mizunguko mingi ya mayai, nikajaribu pia programu nyingine ambazo kazi hujengwa kwa kuchora, na maoni yangu ni kwamba Node-RED inafaa sana kwa kusoma data za seriali, yaani zinazopita moja baada ya nyingine kwenye waya, kutoka kwenye maikrokontrola, mradi mtumiaji aelewe mapema jambo moja ambalo michoro yake haimwonyeshi: kinachopita kwenye ile kebo si vipimo, ni baiti, yaani namba ndogo ndogo, kila moja ikisimama kwa herufi moja.

Nieleze kwanza kwa nini kazi hii haina nafasi ya kubahatisha. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, na mashine yenye feni huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa muda wote huo. Unyevu hukaa kwenye asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha hupandishwa hadi asilimia 65 au zaidi katika siku tatu za mwisho, ambapo mayai hayageuzwi tena. Joto likizidi kwa saa kadhaa, viinitete hufa ndani ya ganda na kwa nje hakuna dalili yoyote, hivyo mfugaji hugundua hasara siku ambayo vifaranga walipaswa kutoka. Zamani tulitegemea kipimajoto cha kioo na daftari. Daftari hilo lilijazwa vizuri mchana, lakini saa za usiku wa manane zilikuwa na mapengo, na hakuna mtu wa kulaumiwa kwa kulala.

Node-RED ilianzishwa mwaka 2013 na Nick O'Leary na Dave Conway-Jones wakiwa IBM, na leo iko chini ya shirika la OpenJS Foundation. Ni programu huria, haina malipo, na leseni yake, Apache 2.0, inaruhusu matumizi ya biashara, jambo ambalo kwa kikundi kinachouza vifaranga lina uzito. Huendeshwa juu ya Node.js, mfumo wa kuendesha programu za JavaScript, na mtumiaji huifungua kwenye kivinjari kwa kuandika anwani ya kompyuta inayoiendesha pamoja na poti ya 1880. Ndani yake kuna visanduku vinavyoitwa nodi, na kazi ya mtumiaji ni kuviunganisha kwa nyaya ili ujumbe utoke nodi moja uende nyingine. Nodi ya kusoma seriali haipatikani katika mipangilio yote ya mwanzo. Mahali isipokuwapo huongezwa kwa kupakua moduli ya node-red-node-serialport. Baada ya hapo intaneti haihitajiki kabisa, na kwetu, ambako bando la data hununuliwa kwa kupimiwa, hiyo ni sifa kubwa.

Sasa nije kwenye baiti. Arduino yetu hutuma mstari mmoja kila baada ya sekunde chache, kwa mfano 37.5,54.2, yaani joto, mkato, kisha unyevu. Kwa macho ya binadamu hilo ni jambo moja lililokamilika. Kwenye kebo, hata hivyo, tarakimu nne za mwanzo, ukihesabu na nukta yake, hupita kama namba 51, 55, 46 na 53, kila moja peke yake, na mstari unapokwisha amri ya Arduino ya kutuma mstari, println, huongeza namba 13 na 10, ambazo ni alama za mwisho wa mstari. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ambapo kila baiti hubebwa na biti 10 ukijumlisha ya kuanzia na ya kumalizia, njia hiyo hupitisha baiti 960 kwa sekunde, na mstari wetu wenye baiti 11 hupita kwa takriban sehemu 12 za elfu za sekunde. Programu inayosikiliza upande wa pili haijui mstari umeanzia wapi. Inaweza kuamka katikati, ikapokea 7.5,54.2, na namba hiyo ikaonekana halali kabisa ingawa tarakimu ya kwanza ilishapita. Data za seriali ni kama maji ya bomba: mteka maji ndiye anayeamua ndoo imejaa lini.

Hapo ndipo Node-RED ilinishawishi. Katika mipangilio ya nodi ya seriali kuna sehemu ya kuamua data zikatwe wapi: kwenye herufi fulani, baada ya muda fulani, au kila zinapofika idadi maalumu ya baiti. Ukichagua kukata kwenye herufi ya mstari mpya, ambayo ndiyo ile namba 10, kila ujumbe unaotoka kwenye nodi huwa mstari mmoja mzima, isipokuwa ule wa kwanza kabisa ambao unaweza kuwa nusu. Ukichagua muda, ambalo ni chaguo linalowavutia wengi kwa sababu linaonekana rahisi, utapata mistari miwili iliyogandana leo na nusu mstari kesho, na utaanza kuilaumu Arduino isiyo na kosa. Kwa mistari ya maandishi, namshauri kila mtu akate kwenye herufi na aachane na muda.

Kati ya nodi ya seriali na grafu nimeweka nodi ya kuandika kodi fupi ya JavaScript, na hakuna kodi nyingine niliyolazimika kuiandika upande wa kompyuta. Inaondoa ile herufi ya 13 iliyobaki mwishoni, ambayo haionekani kwa macho lakini hulivuruga faili la CSV (jedwali la maandishi tunamohifadhi vipimo), inagawa mstari kwenye mkato, inahakikisha sehemu ni mbili na zote ni namba, kisha inakataa thamani zisizowezekana. Kuna mbili ninazotaka kuzitaja kwa sababu zinawasumbua wengi wanaotumia kihisi cha DS18B20, ambacho ndicho tunachopimia joto. Ya kwanza ni 85: hiyo ndiyo namba iliyomo ndani ya kihisi kinapowashwa, kabla hakijamaliza kipimo chake cha kwanza, na kwa usahihi wa biti 12 kipimo huchukua hadi sehemu 750 za elfu za sekunde. Ya pili ni -127, ambayo DallasTemperature, maktaba ya kodi iliyo tayari ya kusomea kihisi hicho, huirudisha kihisi kisipojibu, mara nyingi kwa sababu waya umelegea au rezista ya kilo-omu 4.7 haijafungwa. Zote mbili zikiachwa zipite, grafu hupiga mwiba mkubwa na wastani wa usiku mzima huharibika. Nodi yetu huzitupa zisifike kwenye grafu, lakini huzihesabu, maana -127 ikitokea mara kwa mara inatuambia twende tukaangalie waya.

Kinachoipa programu ya kuchora thamani yake, kwa maoni yangu, ni kwamba unaweza kuchungulia katika kila hatua. Nodi inayoitwa "debug" huunganishwa popote kwenye mtiririko na kuonyesha pembeni mwa skrini ujumbe unaopita mahali hapo. Siku moja mama anayesimamia mashine aliona kwenye dashibodi unyevu umeshuka ghafla, akaniuliza, "Mwanangu, hii namba imetoka wapi?" Tulifungua mchoro pamoja, akaufuata waya kwa kidole kutoka kwenye grafu, akarudi hadi kwenye nodi ya kugawa, akaendelea hadi kwenye nodi ya seriali, na hapo tukaona mstari ghafi uliotoka Arduino ukiwa na namba ileile. Ikawa wazi kwamba kompyuta haikubadilisha kitu. Tulikwenda kwenye mashine tukakuta trei ya maji imekauka. Mama huyo hajawahi kuandika kodi, lakini aliweza kuhoji mfumo na kuridhika na jibu kwa macho yake mwenyewe. Programu ya kurasa tatu za kodi, hata ikiwa sahihi, isingempa nafasi hiyo.

Nodi nyingine ninayoithamini ni "trigger", ambayo tumeipanga iwe mlinzi. Kila mstari unaofika huianzishia upya hesabu ya muda, na muda ukiisha bila mstari mwingine kufika, inatuma amri ya kuwasha king'ora. Wengi huweka tahadhari ya joto kupanda au kushuka tu na kusahau kwamba hatari mbaya zaidi ni ukimya, kwa sababu kebo ikichomoka grafu haishuki. Inabaki kwenye namba ya mwisho, nzuri na tulivu, huku mayai yakipoa.

Upande wa ufungaji kuna mambo ya Linux yanayohitaji uvumilivu. Arduino Uno halisi hujitokeza kama /dev/ttyACM0, ilhali bodi nyingi za bei nafuu zinazopatikana madukani, zenye chipu ya CH340, hujitokeza kama /dev/ttyUSB0, na namba ya mwisho inaweza kubadilika ukichomeka kifaa kingine. Ni salama zaidi kutumia majina yaliyomo katika /dev/serial/by-id, ingawa kwa bodi mbili za CH340 itabidi utumie yale ya /dev/serial/by-path kwa kuwa chipu hizo kwa kawaida hazina namba ya utambulisho ya kuzitofautisha. Mtumiaji anayeendesha Node-RED anapaswa kuwa katika kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti za seriali, la sivyo ruhusa itakataliwa. Aidha, usifungue poti hiyohiyo kwa programu mbili. Dirisha la seriali la Arduino likiwa wazi, Node-RED na dirisha hilo zitagombania poti hiyo.

Kuna tabia moja ya Uno ambayo kila anayejenga kitu kinachogusa uhai wa mayai anapaswa kuijua. Poti ya seriali inapofunguliwa, bodi hujiwasha upya. Ukibonyeza kitufe cha kupeleka mabadiliko katika Node-RED kwa mpangilio wake wa kawaida, mitiririko yote husimamishwa na kuanzishwa tena, poti hufungwa na kufunguliwa, na Arduino huanza upya. Ikiwa bodi hiyohiyo ndiyo inayoshika relei (swichi ya umeme) ya hita, hita itazimika kwa muda kila unaporekebisha hata rangi ya grafu. Dawa ni kuchagua kupeleka nodi zilizobadilishwa peke yake, au kufunga kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini za RESET na GND za bodi, ambayo huondolewa wakati wa kupakia kodi mpya. Sisi tumekwenda mbali zaidi: hita inatawaliwa na thamostati yake, na Arduino hupima tu.

Katika kulinganisha, niligusa Pure Data, programu ya Miller Puckette iliyozaliwa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya muziki. Kifaa chake cha comport hutoa baiti moja moja kama namba, na ni juu yako kuzikusanya hadi 10 ifike, kisha kuzigeuza kuwa thamani. Kwa anayetaka kuelewa seriali kwa undani hilo ni darasa zuri kuliko Node-RED, na kwa sauti na mwendo wa haraka naipendekeza bila kusita. Kwa kumbukumbu ya joto la wiki tatu ni mzunguko mrefu. LabVIEW, programu nyingine ya kuchora iliyotoka mwaka 1986, ina nguvu na uthabiti wa maabara, lakini toleo lake la bure haliruhusiwi kwa shughuli za biashara, na sisi tunauza vifaranga.

Kasoro zinazonihusu ni hizi. Node-RED ikifungwa bila mipangilio ya ziada haina nenosiri, hivyo yeyote aliye kwenye mtandao uleule anaweza kufungua mchoro wako na kuufuta. Nenosiri huwekwa katika faili la settings.js, na ningependa liombwe tangu mwanzo. Thamani zinazohifadhiwa kati ya ujumbe na ujumbe hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea umeme unapokatika, mpaka ubadilishe mpangilio katika faili hilohilo zihifadhiwe kwenye diski. Kwa mahali ambapo umeme hukatika, hilo si jambo dogo. Kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu kila sekunde nako huichosha kadi, kwa hiyo sisi tunaandika wastani wa kila dakika tano, na Raspberry Pi tumeiunganisha na betri ya sola ile inayowasha taa za banda.

Anayeanza kazi kama hii achague Dashboard 2 ya kampuni ya FlowFuse kwa ajili ya grafu, kwa kuwa dashibodi ya zamani haiendelezwi tena. Tena, kila mtiririko unapofanya kazi vizuri, autoe kama faili la JSON, yaani maandishi yanayobeba mchoro wote, na kulihifadhi nje ya kadi ile. Faili letu liko kwenye simu mbili za wanakikundi, na kikundi kingine kinachotaka kuanza kinaweza kulipokea kwa WhatsApp na kuliingiza kwenye Node-RED yake. Kitakachobaki kwao kubadilisha ni jina la poti tu.