TAHADHARI: Sampuli safi, mzigo bomu. Mnaodarizisha nembo kwenye sare za kazi, someni

Ndugu zangu, kama unatafuta mtu wa kudarizi nembo kwenye sare za kazi, soma hii kabla hujatuma hela. Mimi nimeshapigwa.

Tulihitaji ovaroli 60 na tisheti za kola 40 za kikosi chetu cha usafi. Nembo yetu ni gurudumu la bluu lenye tone la maji katikati, jina chini yake. Muuzaji nilimpata mtandaoni. Akatuma sampuli, na haki yake nimpe: ilikuwa kazi ya mtu anayejua. Bluu imejaa, ukingo umenyooka, herufi zinasomeka vizuri. Bei aliipiga kwa idadi ya mishono, kama wafanyavyo wengi, akasema nembo ina mishono 11,800. Nikalipa yote.

Mzigo ukaja, kila nguo kwenye mfuko wake wa nailoni, nembo imetazama juu. Kwa macho huoni kasoro. Tukagawa. Zilipofuliwa mara ya tatu, tisheti zikajikunja kuzunguka nembo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Kwenye ovaroli bluu ikapauka, na pale kwenye tone kitambaa kikawa kinachungulia katikati ya nyuzi.

Nikachukua tisheti moja, nikaigeuza ndani nje, nikaiweka kando ya sampuli. Hapo ndipo nilipoona nimeuziwa nini.

Nyuma ya sampuli kulikuwa na kitambaa cheupe cha kuimarishia, kimekatwa kwa mkasi kuizunguka nembo. Nyuma ya tisheti yangu, vipande vya kikaratasi cha kuchana tu, kile kinachochanwa na kutolewa kazi ikiisha. Tisheti inanyumbuka, na kila mshono unaivuta. Bila kitambaa kinachobaki nyuma maisha yote ya nguo, lazima ijikunje. Kile cha kuchana kina kazi yake, lakini ni kwenye vitambaa vigumu visivyovutika.

Angalia pia uzi wa bobini, yaani ule wa chini wa mashine. Kwenye mistari minene ya sampuli, uzi mweupe ulipita katikati kwa nyuma, kama theluthi moja ya upana, bluu pande zote mbili. Ndivyo inavyotakiwa. Kwenye tisheti, sehemu nyingine hakuna cheupe kabisa, sehemu nyingine cheupe kimejitokeza mbele. Mashine haikurekebishwa mkazo wa uzi, ikaachiwa iende hivyo hivyo.

Halafu uzi wenyewe. Tulikubaliana poliesta, kwa sababu sisi tunatumia dawa ya kung'arisha (bleach) na poliesta inaistahimili. Nilichomoa uzi mmoja nikauwasha kiberiti. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Huu uliungua kama karatasi, ukabaki jivu laini. Ni reyoni. Inang'aa sana ikiwa mpya, lakini dawa ile inaila rangi.

Kilichoniuma zaidi ni faili. Ada ya kugeuza nembo kuwa faili la mashine nilikuwa nimeilipa, kwa hiyo nikamng'ang'ania mpaka akalituma. Lilikuwa la DST, aina ya faili inayosomwa na mashine za kudarizi. Faili la aina hiyo ukilifungua hata kwa programu ya kawaida ya maandishi, pale mwanzoni kuna herufi ST na namba mbele yake: hiyo ndiyo idadi ya mishono. Langu lilisema 7412. Alidarizi sampuli kwa faili moja, mzigo kwa jingine. Amepunguza ujazo wa mishono, na ile mishono ya msingi inayotangulia chini ili nembo isizame kwenye kitambaa ameitoa. Piga hesabu: kichwa kimoja cha mashine kikienda mishono 800 kwa dakika, kila nguo imemwokolea zaidi ya dakika 5. Kwa nguo 100 ni saa 9 na ushei, nami nimezilipia zote.

Nilipomuuliza, jibu lake: "Dada, nyinyi mnafua vibaya." Nikamtumia picha ya nyuma ya tisheti. Akaniblock.

Kwa hiyo, sampuli idarizwe kwenye kitambaa kile kile cha oda yako, na ibaki kwako, usiirudishe. Aina ya uzi, kitambaa cha nyuma na idadi ya mishono viandikwe kwenye ankara. Faili lichukue kabla kazi haijaanza. Bakiza malipo, na siku ya kupokea usiangalie ile nguo ya juu aliyokuandalia: ingiza mkono katikati ya mzigo, toa moja, igeuze. Na kama sare ni za mafundi wa kuchomelea, uzi uwe wa kustahimili moto, poliesta itawayeyukia mwilini.

Fundi mkweli utamjua kwa kukukatalia. Niliyempelekea baadaye alikataa kupunguza herufi za jina chini ya milimita 5 kwa uzi wa kawaida, akasema zitajaa na hazitasomeka. Yule wa kwanza kila nilichosema alijibu "inawezekana".

Picha ya sampuli yangu bado anaitumia kutafutia wateja. Ukitumiwa picha ya gurudumu la bluu lenye tone la maji kwenye kitambaa cheusi, ndiye huyo.