Seti ya springi za uzi M6 ya Gerezani: springi safi, biti hapana

Mafundi pikipiki wenzangu wa Mbagala, mnajua bolti za kava la klachi zinavyotutesa. Bolti ndogo, injini ni alumini laini, na fundi aliyetangulia ameikaza kama nati ya tairi la Fuso. Ukiigusa inazunguka bure, ukiichomoa inatoka na uzi wa injini umeizunguka. Dawa zetu tunazijua: kuviringishia waya mwembamba na gundi, au kupanua tundu iingie bolti ya M8 (unene wa milimita 8). Ya kwanza oili inavuja kabla mteja hajafika Kongowe. Ya pili inapasua ukuta wa tundu, maana nyama yenyewe pale ni kidogo, na kava nalo inabidi ulitoboe upya.

Ndiyo maana nikaenda Gerezani, hapa Dar es Salaam, kununua seti hii ya springi za uzi, yaani vijispringi vya waya vinavyokaa ndani ya tundu na kuwa uzi wake mpya. Nilitajiwa 50,000, nikaondoka nayo kwa 35,000. Ndani mna biti ya kutobolea, tapu ya kukatia uzi, kifaa cha kuingizia springi, kijiti cha kuvunjia ulimi (kile kincha cha chini ya springi kinachoshikwa wakati wa kuizungusha) na springi za chuma cha pua. Mkifika dukani, angalizo moja: bolti hizi tunazifungua kwa spana namba 8, na ukisema "namba nane" utapewa seti ya M8. Nane ni upana wa kichwa; uzi wake ni M6, yaani unene wa milimita 6. Nenda na bolti mkononi.

Springi zenyewe sina neno. Unatoboa, unakata uzi mpya mpana zaidi, unaizungusha springi mpaka izame robo au nusu mzunguko chini ya uso, kisha unavunja ulimi wake na kuutoa kwa koleo ya mdomo mrefu (sumaku haiushiki vizuri). Bolti ya saizi ileile inarudi, na sasa inauma chuma badala ya alumini. Injini nilizotengeneza hivyo nimeshazifungua tena kubadilisha sahani za klachi, na uzi uko palepale.

Biti ndiyo imenikera. Niliipima kwa venia (kipimo cha unene) ikasoma milimita 6.1, wakati springi ya M6 inataka tundu la 6.2 au 6.3. Utasema tofauti hiyo ni ya unywele. Tapu haioni hivyo: tundu likiwa jembamba inakata nyama nyingi kuliko uwezo wake, inaanza kulia, na ukiilazimisha inabaki humohumo. Ikishakatikia ndani, biti ya kawaida haiumi chuma kigumu kile, na kazi ya saa moja inageuka kutafuta injini nyingine. Nikanunua biti ya 6.3 duka la pili. Ile ya kwenye boksi natobolea mbao.

Mkono wa tapu pia hawakuweka. Msijaribu kuizungusha kwa spana; inavuta upande mmoja, tapu inakaa mshazari, inakatika. Tafuteni mkono wa kushika pande zote mbili. Mimi naenda nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili chenga zikatike, na mafuta ya taa hayakosekani. Matundu haya hayatokei upande wa pili, kwa hiyo tapu itolewe na kufutwa mara kwa mara kabla haijagonga chini. Klachi izibeni kwa kitambaa kwanza, chenga zisiingie.

Na kama uzi umelala tu au umejaa uchafu, seti iacheni kwenye boksi. Chukueni bolti mpya ya M6 iliyogongwa 8.8 kichwani (alama ya ugumu wake), ichaneni mifereji kwa urefu na msumeno wa chuma, pakeni grisi, izungusheni kwa mkono. Inanyoosha uzi bila kula nyama mpya.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne kama tapu ingeuzwa peke yake, kwa sababu hii si tapu ya kawaida ya M6, ni nene zaidi, na ikivunjika huna mbadala. Nilimuuliza muuzaji, akacheka: "Fundi wangu, hiyo ikikatika njoo uchukue seti nyingine."