Nilimpeleka farasi jike wangu kupandishwa: nyota nne, ya tano wameipoteza wenyewe
Jina la kituo cha kupandishia sitalitaja, ila mnaniuliza sana kama kinafaa kwa hiyo niseme niliyoyaona.

Hawa watu wanasumbua! Simu ya kwanza tu, salamu hata hatujamaliza, wananiuliza majibu ya swabu yako wapi, bila karatasi jike haingii geti. Nikakereka lakini daktari akaitwa, akachukua swabu kwenye kinembe na vile vishimo vyake maana ndiko bakteria wa CEM, ugonjwa wa farasi wa kuambukizana kwa kupandana, wanakojificha, zikawekwa kwenye vichupa vya dawa ya mkaa na kwenye baridi, zifike labu ndani ya saa 48 la sivyo unarudia. Kuotesha bakteria ni siku 7, PCR, kile kipimo cha vinasaba, ni fasta zaidi. Nimelalamika weee, ila huu ugonjwa ulipoibuka Newmarket, Uingereza, 1977 majike walikuwa wanatoka uchafu na mimba hazishiki, mwaka uliofuata ukatua Kentucky, Marekani. Na dume haonyeshi dalili yoyote, ananawiri, anakula, anapanda, huku anawagawia tu.

Sasa hapo ndo nawalaumu. Majibu ya dume wao nimeyaomba mara tatu ndo yakatoka! Yalikuwa safi, na kipimo cha damu cha arteritisi, ugonjwa wa virusi wa farasi, pia, lakini mbona mgeni anapekuliwa getini na mwenyeji anapita tu?

Usafi sina neno, glavu mpya kwa kila jike, mkia unafungwa bandeji, ndoo hazichangiwi.

Nyota imeondoka kwenye uzio. Majike wenye mimba kubwa wamepakana na sisi wageni, pua kwa pua jamani. Herpesi ya farasi, ile EHV-1, inapita kwa pumzi na makamasi, na mimba inatoka ikiwa tayari ina miezi 7 kwenda juu, mara nyingi mama mwenyewe ukimtazama ni mzima kabisa. Meneja akanijibu "wamechanjwa wote dada, usiwe na wasi". Chanjo ya mwezi wa 5, 7 na 9 wa mimba naijua, inapunguza, haizuii zote. Kesho yake nikakuta wamehamishiwa upande wa pili, kwa hiyo walisikia, tena bila kununa.

Skani ya siku ya 15 imeonyesha mimba moja, sio mapacha. Mwakani nitarudi, ila karatasi za dume naziona kwanza ndo nampakia jike kwenye gari.