Kitochi cha binti yangu, miezi saba mkononi

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa sababu ya kitufe namba 5, nitaeleza mbele.

Ni simu ya batani ya kawaida kabisa: kioo kidogo kama kiberiti, redio, tochi kichwani, mchezo wa nyoka. Kamera ipo, ila picha zake utadhani zimepigwa kwenye ukungu. Chapa siitaji, maana hizi simu zinafanana kiasi kwamba ukizichanganya mezani huijui yako. Chaji inakaa siku nne. Binti yangu, miaka 11, ameiangusha ngazini mara mbili. Ikatawanyika betri huku, mfuniko kule, akaokota, akapachika, ikawaka.

Ila nisiwadanganye, kitochi peke yake hakisaidii kitu. Mwaka jana nilimpa kingine kama hiki, kikalala kwenye droo hata hakukiwasha. "Mama, darasani wote wana simu janja, ni mimi tu." Nilikuwa karibu kusalimu amri. Siku moja tunatoka kwenye kikao cha wazazi, baba wa rafiki yake akanivuta pembeni: "Samahani dada, hivi wa kwako ulimnunulia lini? Maana wangu kila siku ananiambia mwenzake anayo." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Shahidi mkuu wa binti yangu alikuwa huyohuyo wa kwake! Tukaanza kuulizana, mzazi kwa mzazi, na wale "wote" wakaja kuwa wanne.

Basi tukakaa wazazi tisa, tukakubaliana: hakuna simu janja mpaka wamalize shule ya msingi, na anayehitaji kupigiwa anapewa kitochi. Wazo si letu. Marekani kuna ahadi ya namna hii tangu 2017, inaitwa Wait Until 8th, yaani "subiri mpaka darasa la nane", na nilichokipenda ni kwamba haianzi kufanya kazi mpaka familia 10 za watoto wa ngazi moja shuleni ziwe zimejiandikisha. Yaani hubaki umesimama peke yako kama mlingoti. Ireland, mji wa Greystones, mwaka 2023 wazazi wa shule nane za msingi walikubaliana kwa pamoja. Sisi hata kumi hatukufika, tukaanza hivyohivyo.

Kitochi kama kile kilichodharauliwa kwenye droo, mwaka huu kimebandikwa stika. Wanapigiana jioni, wanaongea kwa mdomo! Binti yangu ana namba sita za wenzake kichwani. Mimi naijua yangu tu, na ya mume wangu mpaka nifungue simu.

Sasa kitufe namba 5. Kuandika "nimefika" kwenye kitochi ni kubonyeza mara 17, nimehesabu, na hapo katikati ya e na f lazima usubiri kidogo kwa kuwa zinakaa kitufe kimoja. K iko kwenye 5. Mwezi wa tatu 5 ikaanza kugoma, na mtoto mwenye haraka harudii kusoma alichoandika. Niko kazini, simu ikalia, nafungua: "mama nimefia". Sitaki kusema nilivyotoka kwenye kiti. Nilipompigia alikuwa kwa bibi yake anatazama katuni.

Kwa mnaotaka kununua: fungueni menyu kabla ya kulipa. Mwenzetu mmoja aliuziwa simu ya batani, kufika nyumbani akakuta Facebook imo, na mtoto aliijua kabla yake. Batani nje, intaneti ndani. Ugumu ni kwamba simu za 2G ndizo safi zaidi, lakini mitandao ya 2G na 3G inazimwa nchi moja baada ya nyingine, na zile za batani zenye 4G ndizo mara nyingi zinazokuja na hayo mengine. Mimi nilichukua ya 4G, nikaomba kampuni ya simu izime data kwenye laini. Kazi za shule zinazotumwa WhatsApp zinakuja kwenye simu yangu. Yeye mwenyewe umri haujafika: masharti ya akaunti ya kawaida ya WhatsApp ni miaka 13, na hiyo imenipunguzia mabishano, maana aliyekataa si mimi.

Mwezi wa nne tukapungua. Mjomba wa mtoto mmoja alirudi safari na zawadi, simu janja mpya kwenye boksi, na mama yake hakuweza kumnyang'anya mbele ya ukoo mzima. Alituandikia ujumbe mrefu, wa aibu. Hapo ndipo nilipoona kazi ya hili kundi. Hakuna aliyemsema. Akaulizwa tu kama ataiweka simu kwenye kabati watoto wakija kucheza kwake, akakubali. Wiki ya kwanza watoto walimzunguka mwenzao kama kuku kwenye mtama, na siwezi kudai wameacha. Wakikutana nje ya kwake bado wanainamia kile kioo kimoja. Nane wengine tunaendelea, ingawa wawili nawaona wameanza kulegea na kila wiki kuna anayehitaji kupigiwa simu ya kumtia moyo. Juzi aliyepigiwa nilikuwa mimi.

Kitufe nimempelekea fundi, kakisafisha, uchafu uliotoka ulikuwa wa biskuti. Jana saa kumi nimepokea ujumbe: "nimefika". K ipo.